Risasi Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Shabaha

Mwaka 2007, kwenye mashindano ya taifa ya Marekani yanayofanyika Camp Perry, ufukoni mwa Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, mlenga shabaha mmoja alikuwa amechoka. Dennis DeMille, askari mstaafu wa kikosi cha Marine, wakati huo akiongoza kampuni ya vifaa vya shabaha ya Creedmoor Sports, alikuwa akitumia risasi ya 6mm XC na ilikuwa imemtoa jasho. Aliyemsikiliza hakuwa mtu baki. Alikuwa Dave Emary, mtaalamu wa risasi wa kiwanda cha Hornady. Badala ya kumpa pole, Emary alimwambia aandike orodha ya yote anayoyataka.

Orodha ile ndiyo kiini cha mhadhara huu, kwa sababu haikuanza na nguvu wala kasi. DeMille alitaka risasi ambayo mtu anaweza kuinunua dukani na kushindana nayo bila kuwa fundi. Alitaka iingie kwenye magazini ya kawaida bila kulazimishwa. Alitaka teke la bunduki lipungue, kwa kuwa mashindano yale yana vipindi vya kufyatua haraka, na bega lililopigwa sana huharibu mapigo yanayofuata. Alitaka vijenzi vyake vipatikane kwa urahisi na mtutu udumu. Zaidi ya yote alitaka kiasi cha baruti kilichotumika kichapishwe juu ya boksi, mtu akitaka kujaza maganda yake nyumbani asibahatishe. Emary alirudi kiwandani, akafanya kazi na mhandisi mwenzake Joe Thielen, na risasi ikazaliwa. Walipotaka kuipa jina la DeMille, alikataa. Ikaitwa 6.5 Creedmoor.

Kabla ya kwenda mbali, maneno yawekwe sawa. Katika mhadhara huu risasi ni kitu kizima: ganda la shaba nyeupe au ya njano, fataki nyuma yake, baruti ndani yake, na kichwa mbele, yaani kile kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha. Watu wengi huchagua ganda kwanza, kwa sababu ndilo lenye jina. Kumbe ganda ni chombo tu cha kukisukuma kichwa. Hoja ya mhadhiri ni kwamba mtu mwenye akili huanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma: kanuni za shindano kwanza, kisha kichwa kitakachovuka upepo wa umbali ule, kisha bega la mfyatuaji na mfuko wake. Ganda hujichagua lenyewe mwishoni.

Jina la Creedmoor lina historia inayofaa kusimuliwa. Lilikuwa shamba katika kisiwa cha Long Island, New York, lililogeuzwa uwanja wa shabaha miaka ya mwanzo ya 1870. Baadaye ardhi ile ikawa hospitali ya magonjwa ya akili yenye jina hilohilo, jambo ambalo wake za walenga shabaha huenda waliliona linafaa. Tarehe 26 Septemba 1874 timu ya watu sita kutoka Ireland, mabingwa wa Uingereza yote, ilikutana pale na Wamarekani sita wasiojulikana. Umbali ulikuwa yadi 800, 900 na 1,000, na kila mtu alifyatua mara 15 katika kila umbali.

Waireland walikuja na bunduki za kushindilia mdomoni, zilizotengenezwa na John Rigby wa Dublin, naye Rigby mwenyewe alikuwa mmoja wa wafyatuaji. Wamarekani walikuwa na Remington na Sharps za kujazwa kwa nyuma, ambazo wakubwa wa Ulaya waliziona kama vitu vya kuwindia nyati tu. Ikatokea kwamba Mwireland mmoja, J. K. Milner, akiwa kwenye yadi 900, alipiga katikati kabisa ya shabaha. Tatizo ni kwamba haikuwa shabaha yake. Hakupewa pointi hata moja. Mwishoni, Wamarekani wakiwa nyuma kwa pointi moja, Kanali John Bodine alilala chini kufyatua risasi ya mwisho huku kiganja kikivuja damu, kwani chupa ya kinywaji cha tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi muda mfupi kabla. Akapiga katikati. Matokeo yakawa 934 kwa 931. Pointi nne za Milner zingeugeuza ushindi.

Wanaopenda vyuma huisimulia hadithi hii kama ushindi wa bunduki ya kujazwa kwa nyuma dhidi ya ya mdomoni. Hesabu haikubali. Pengo la pointi tatu kati ya 1,080 zilizowezekana linaonyesha vyombo vilivyolingana karibu kabisa, na kilichoamua ni mtu mmoja kutazama namba ya shabaha isiyo yake. Kumbukumbu hiyo isisahaulike pale mfanyabiashara anapoahidi kwamba risasi mpya ya mwaka huu itakuongezea pointi kumi.

Rigby anastahili kufuatwa hatua mbili zaidi, maana njia yake inafika Afrika Mashariki. Mwaka 1887 serikali ya Uingereza ilimkabidhi usimamizi wa kiwanda cha silaha cha Enfield, na mwaka uliofuata jeshi likapokea bunduki ya .303. Risasi hiyo ndiyo iliyobebwa na askari wa King's African Rifles katika vita viwili vikuu, na ambayo wazee wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliijua kwa jina la namba yake. Na kampuni ya Rigby ndiyo iliyouza bunduki za .275, ambazo kwa kweli ni risasi ya Kijerumani ya 7×57 yenye jina la Kiingereza. Mskochi W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya miaka aliyoimaliza Karamoja, kaskazini mwa Uganda ya leo, aliwaua tembo kwa mamia akitumia risasi hiyo nyembamba, na mara nyingine ya 6.5 Mannlicher, wakati wawindaji wenzake walibeba mizinga midogo.

Mauaji yale ya pembe za ndovu si ya kusifiwa. Lakini fizikia yake inahusika. Kichwa chembamba kilicho kirefu hubeba uzito mwingi nyuma ya uso mdogo. Kwenye fuvu la tembo, kilipenya moja kwa moja. Kwenye hewa hufanya vivyo hivyo. Kikipangwa vizuri, chenye ncha kali na mkia uliopunguzwa kama wa mashua, hewa hukizuia kidogo, nacho hufika mbali kikiwa bado na kasi yake. Mhandisi wa risasi hukipa kila kichwa namba moja inayoeleza uwezo wake wa kuikata hewa, na namba hiyo ina maana kubwa kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye ganda.

Sasa upepo. Yadi 1,000 ni mita 914. Kichwa cha 6.5 Creedmoor chenye greni 140, yaani gramu 9 hivi, hutoka mtutuni kwa takriban mita 825 kwa sekunde na huchukua kama sekunde moja na nusu kufika. Katika muda huo kinashuka mita kadhaa chini ya mstari wa mtutu. Mgeni huogopa kushuka huko, ingawa ndiko kusikopaswa kumtisha: mvuto wa dunia haubadiliki kati ya risasi moja na nyingine, na darubini ina kitasa cha kuurekebisha kwa namba inayojulikana tangu nyumbani. Upepo ndio adui. Hubadilika kati ya pumzi mbili, huvuma kushoto karibu na mfyatuaji na kulia karibu na shabaha, na hakuna kitasa kinachoujua kabla yake.

Chukua upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni, wa kupeperusha bendera lakini usiotosha kubeba kofia. Kichwa cha .308 Winchester chenye greni 175 kitasukumwa kando karibu mita mbili na nusu kabla ya kufika yadi 1,000. Kile cha 6.5 chenye greni 140 kitasukumwa chini ya mita mbili. Mtu anaweza kusema tofauti hiyo haina maana iwapo mfyatuaji anaujua upepo, na ni kweli: akiusoma sawasawa, zote mbili hugonga katikati. Lakini hakuna anayeusoma sawasawa. Akikosea kwa robo, mwenye .308 amekosea kwa sentimita 60 na zaidi, mwenye 6.5 kwa sentimita 45 hivi. Risasi nzuri haimfundishi mtu kusoma upepo. Humpunguzia adhabu ya kuusoma vibaya.

Kuna adui wa pili, asiyetajwa sana madukani. Kichwa kinapopungua kasi na kuikaribia kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, mawimbi ya hewa yanayokizunguka huhama na kukitikisa. Baadhi ya vichwa hupita eneo hilo kwa utulivu. Vingine huanza kuyumba na hata kutua ubavu. Mfano maarufu ni kichwa cha Sierra MatchKing cha greni 168. Kiliundwa kwa mashindano ya kimataifa ya mita 300, na huko kilitamba, hadi jina lake likawa kipimo cha usahihi kwa miaka mingi. Watu wakakipeleka yadi 1,000 kwa kuamini kwamba kinachofaa hapa kitafaa na kule. Mkia wake, ulioundwa kwa pembe kali, haukuvumilia kasi ikishuka. Ndugu yake wa greni 175, aliye mrefu zaidi na mwenye mkia mpole, alifika. Jeshi la Marekani lilipotaka risasi ya .308 kwa wadunguaji wake wa masafa marefu lilichagua huyo wa 175. Kwa hiyo kuuliza kama .308 inafika yadi 1,000 ni kuuliza nusu ya swali. Inafika au haifiki kulingana na kichwa kilichofungwa ndani yake.

Kwa nini basi usitumie bunduki kubwa tu? Hoja hiyo nayo ina historia. Mwaka 1935, Camp Perry, Ben Comfort alishinda Kombe la Wimbledon la yadi 1,000 kwa risasi ya .300 Holland & Holland Magnum, iliyobuniwa kwa uwindaji. Wengine siku hiyo walikuwa na .30-06 ya kijeshi. Ushindi ule ulifungua mlango, na kwa miongo mingi magnum za .30 zikaonekana kama tiketi ya lazima kwa masafa marefu. Zilikuwa na kasi, ndiyo. Zilikuwa pia na teke la kuchosha, mitutu iliyokwisha mapema, na baruti nyingi iliyoteketezwa kwa faida inayopungua kadiri inavyoongezwa. Vichwa virefu vyenye umbo bora vilipopatikana kwa vipenyo vidogo, magnum zikaanza kurudi porini zilikotoka.

Hapo ndipo kanuni za shindano zinapoamua, na ndipo ushauri wa jumla unapopotosha. Katika mashindano ya Palma, yaliyoanza 1876, walenga shabaha hufyatua wakilala kifudifudi kwa kutumia ukanda wa ngozi na kitundu cha kulengea, bila darubini. Kwa kawaida kanuni zimedai .308 yenye kichwa kisichofika greni 156, ingawa .223 nayo hukubaliwa. Cha kuchagua ni kidogo. Mshindani huwekeza akili yake kwenye mtutu mrefu, mara nyingi wa inchi 30, na kwenye ubora wa kichwa cha greni 155. Anayefika Bisley, Surrey, ambako mashindano ya Uingereza yamefanyika tangu 1890, na kulala kwenye uwanja wa Stickledown wenye masafa yanayofika yadi 1,200, hujikuta akishindana na mtu mwenye kitu kilekile. Mhadhiri anaona huo ndio mtindo wa haki kuliko yote, hata kama ndio unaochelewa kubadilika.

Mtindo wa F, uliopewa herufi hiyo kwa heshima ya Mkanada George Farquharson aliyeuanzisha, ulizaliwa kwa ajili ya wazee ambao macho na viwiko havikuvumilia tena. Huruhusu darubini na mahali pa kuegemeza bunduki. Una matawi mawili. Moja hukubali .223 Remington na .308 tu, bunduki isizidi kilo 8.25. Jingine limefunguliwa kwa kipenyo chochote hadi milimita 8, na uzito wa kilo 10. Katika tawi hili la wazi, ambako bunduki nzito imelazwa juu ya egemeo na mfyatuaji ana dakika nzima ya kuwaza, teke halidhuru sana, na namba ya kichwa hutawala. Ndipo ilipofufuka risasi moja iliyokuwa imezikwa. Winchester waliitoa .284 mwaka 1963 kwa bunduki fupi za kuwindia; soko likaipuuza. Walenga shabaha wa F wakaigundua: ganda lake pana na fupi linasukuma kichwa cha milimita 7 chenye greni 180 kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Leo ni miongoni mwa zinazoheshimika zaidi katika mtindo huo. Ganda lililoshindwa porini likapata heshima kwenye karatasi.

Mtindo wa tatu una sura nyingine kabisa. Precision Rifle Series, iliyoanza Marekani 2012, humfanya mshindani afyatue kutoka juu ya paa la bandia, pipa, ngazi au tairi, kwa muda wa dakika moja na nusu au mbili, kwenye sahani za chuma zilizotawanywa umbali tofauti. Kila kituo kina risasi kumi hivi. Hakuna anayekuonyesha ilipoangukia risasi yako. Lazima uione mwenyewe kupitia darubini, vumbi likiruka kushoto au kulia, ili urekebishe kabla ya inayofuata. Bunduki inayoruka hukuficha kile ulichokuja kukitazama. Hii ndiyo sababu mtindo huu umeshuka ngazi kwa ngazi: kutoka .308 hadi 6.5 Creedmoor, kutoka 6.5 hadi 6mm Creedmoor, halafu hadi risasi ndogo kama 6mm Dasher na 6 GT, zenye baruti kidogo na teke la kubembeleza. Kanuni nazo zimeweka dari ya kasi ya futi 3,200 kwa sekunde, karibu mita 975, kwa hiyo mbio za kasi hazina tuzo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kichwa cha Dasher chenye greni 105 hivi, kikitoka kwa kama mita 900 kwa sekunde, husukumwa na upepo kwa kiasi kinacholingana karibu kabisa na kile cha 6.5 Creedmoor. Mshindani hakupoteza chochote cha maana hewani na amepata utulivu begani. Alichopoteza ni uzito wa kugonga: sahani ya chuma iliyo mbali ikiguswa na kichwa chepesi huenda isitikisike vya kutosha kwa mwamuzi kuiona.

Hadi hapa 6.5 Creedmoor imeonekana kama njia ya kati, na ndivyo ilivyo. Lakini haikuwa ya kwanza. Wasweden na Wanorwe walikubaliana juu ya 6.5×55 mwaka 1894, wakiwa na mitutu yenye mifuo, yaani mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa, iliyosokotwa kwa kasi ya kutosha kutuliza vichwa virefu. Risasi hiyo bado hushinda. Remington ilisajili .260 mwaka 1997, ikiwa na kipenyo hichohicho na nguvu ileile. Iliingia sokoni kama ya kuwindia kulungu, kwenye bunduki ambazo mifuo yake ilisokotwa taratibu mno kwa vichwa virefu zaidi, na ganda lake la karibu milimita 52 lilikuwa refu kiasi kwamba kichwa kirefu kilipaswa kuzamishwa ndani ya baruti ili kiingie kwenye magazini. Ganda la Creedmoor lina milimita 48.8. Milimita tatu! Jumlisha mifuo iliyosokotwa mara moja kila inchi 8 katika karibu kila bunduki iliyotoka kiwandani, na boksi lenye maelezo juu yake. Lapua nao walishatoa 6.5×47 mwaka 2005, risasi ya kupendeza, kwa mashindano ya mita 300, ila kwa bei ya mtu mwenye nacho. Makao makuu ya vikosi maalumu vya Marekani yalipoichagua Creedmoor mwaka 2018 kwa wadunguaji wake, raia walikuwa wameshafanya uamuzi huo miaka kadhaa nyuma.

Usawa wa kasi kati ya risasi na risasi haupendezi kuusimulia lakini ndio unaotenganisha wa kwanza na wa kumi. Risasi mbili kutoka boksi moja zikitofautiana kwa mita 10 kwa sekunde tu, kwenye yadi 1,000 zitaangukia sehemu zinazopishana kwa karibu sentimita 20, moja juu ya nyingine. Duara la alama ya juu katika mtindo wa F lina upana wa karibu sentimita 25 kwenye umbali huo. Kosa la baruti peke yake limelijaza duara karibu lote, kabla upepo haujagusa kitu. Ndiyo maana washindani hupima baruti kwa mizani ya kielektroniki hadi punje moja, na huchagua maganda ya kiwanda kimoja, na baruti isiyobadilika sana jua likiichoma. Risasi yenye jina kubwa iliyojazwa ovyo hushindwa na ya kawaida iliyojazwa kwa uangalifu, kila siku ya juma.

Mtutu nao una umri. Moto wa baruti hula chuma pale mifuo inapoanza, na kadiri baruti inavyokuwa nyingi kwa tundu dogo ndivyo chuma kinavyoliwa haraka. Mtutu wa .308 hufyatua risasi 5,000 au zaidi kabla ya kupoteza usahihi wa mashindano. Wa 6.5 Creedmoor hufikia 2,000 hadi 3,000. Wa 6.5-284, uliopendwa sana miaka ya mwanzo ya karne hii, unaweza kuchoka ukiwa na 1,000 tu. Mashindano ya siku mbili ya Precision Rifle hula karibu risasi 200, bila kuhesabu mazoezi. Hapo msomaji apige hesabu mwenyewe: mwenye mtutu wa risasi 1,000 atamaliza msimu akiwa kwa fundi.

Upatikanaji ulionekana kuwa jambo dogo hadi 2020. Janga la korona lilipoingia, Wamarekani walinunua kila fataki iliyoonekana rafuni, na kwa miaka miwili hivi watu wenye bunduki za bei ya gari walikaa nyumbani kwa kukosa kifataki cha senti chache. Wenye .308 walipata taabu pia, lakini walikuwa na mahali pengi pa kutafuta.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki swali hilo ni zito zaidi. Leseni ya silaha, kibali cha kuingiza risasi, na gharama ya kusafirisha kitu ambacho mashirika ya ndege hukiwekea masharti makali huondoa majina mengi kwenye orodha kabla hata ya kuzungumzia upepo. Kenya imepeleka walenga shabaha wake Bisley na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako kulenga shabaha kulikuwepo hadi Gold Coast 2018, kabla ya kuachwa Birmingham 2022. Katika mashindano hayo bunduki kubwa ilikuwa ya mtindo wa Bisley, na kwa hiyo .308. Ukubwa huohuo, kwa jina lake la kijeshi 7.62×51, hutengenezwa Eldoret na kiwanda cha Kenya Ordnance Factories, ingawa risasi ya jeshi na ya mashindano hazipishani kwa jina tu: ya jeshi hutengenezwa ili ifyatuke mvua ikinyesha, ya mashindano ili ifanane na mwenzake hadi punje ya mwisho.

Kuna kitu kimoja ambacho mtu wa Nairobi anakijua kwa mapafu yake lakini huenda hajakihesabu kwenye bunduki. Mji wake uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Kichwa hupungukiwa kasi polepole, hushuka kidogo kuliko mgeni anavyotazamia, na eneo la kutikiswa na kasi ya sauti husogea mbali. Risasi iliyojaribiwa juu ya mwinuko ikaonekana kufika yadi 1,000 bila wasiwasi inaweza kuyumba Mombasa au Surrey. Mashindano ya Marekani ya maili mbili yamekuwa yakifanyika Raton, New Mexico, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, na si bahati tu. Hata huko washindani hutumia .375 na .416, mizinga inayogharimu kama chakula cha mchana kizuri kila kifyatulio kinapobanwa.

Anayeanza na aulize mambo kwa mpangilio huu: mashindano gani yapo mahali anapoishi, kanuni zake zinaruhusu nini, umbali wake wa mwisho ni upi. Kama jibu ni mtindo wa Bisley au tawi la F lenye masharti, .308 haina mjadala. Kama uwanja ni huru na hana vifaa vya kujazia maganda nyumbani, 6.5 Creedmoor ya boksini itamtumikia miaka mingi kabla hajaizidi uwezo. Dasher na ndugu zake ni za mtu aliyekwisha kuwa na mizani, muda na mtutu wa pili. Magnum aziache.

Na kama mfuko haujaruhusu lolote kati ya haya, .22 ndogo ya mwaka 1887 bado ipo. Mashindano yake ya masafa yameenea Marekani na Ulaya, kwa sahani ndogo za chuma zilizowekwa hadi yadi 200 na kuendelea. Risasi zake za shabaha huondoka mtutuni zikiwa tayari chini ya kasi ya sauti, kwa makusudi, ili zisilazimike kuuvuka ule ukuta wa mtikisiko zikiwa njiani. Upepo uleule wa kilomita 16 kwa saa huisukuma kwenye yadi 200 kwa karibu sentimita 40, pembe ambayo kwenye darubini inakaribiana na ile ambayo mwenye 6.5 huiona kwenye yadi 1,000. Bendera husomwa kwa namna ileile, na boksi la risasi 50 hutosha mchana mzima.